Mkalimani wa Maungamo

Kazi yangu ya Boma ilikuwa kusema "mimi" hali si mimi. Hakimu Mzungu aliuliza, mshtakiwa akajibu kwa lugha yake, nami nikasimama katikati na kusema kwa Kiingereza: nilimpiga kwa mpini wa jembe, niliingia kupitia dirishani, ng'ombe walikuwa wangu tangu mwanzo. Ndivyo ukalimani wa mahakamani ulivyotakiwa. Hukuruhusiwa kusema "anasema alimpiga". Watu waliokuja kusikiliza kesi walilijua hilo na wakaligeuza mchezo. Nikipita sokoni jioni wauza asali waliniita, "Bwana mkalimani, leo umeua nani?" Mimi si mtu wa mizaha. Niliwajibu vibaya, na hilo ndilo walilokuwa wakilitafuta.

Kiingereza nilikipata shule ya serikali kabla baba hajafariki. Kinyamwezi kilikuwa cha mama, Kiswahili cha mtaa mzima. Hizo ndizo lugha zilizoniajiri. Lugha ya nne, ambayo ndiyo ninayotaka kuisimulia, haikuandikwa popote kwenye barua yangu ya ajira. Sisi tuliiita Kigoa, lugha ya watu wa Goa, koloni la Wareno huko Bara Hindi. Wenyewe huiita Konkani.

Niliipata kwenye duka la ushonaji, miaka iliyotangulia vita vya pili. Baba alikuwa mshona kanzu, na nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara ya Ujiji, ile waliyopita wapagazi wa zamani. Ndani ya nyumba hiyo bibi alisema Kimanyema, mama Kinyamwezi, na baba alisali kwa Kiarabu na kugomba kwa Kiswahili. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa nilipoajiriwa kwa fundi Mgoa na kurudi nyumbani na lugha nyingine tena. Fundi huyo alikuja Tabora akiifuata reli, akashona suti za Wazungu na makoti ya makarani. Kiswahili alikijua, lakini akikasirika kilimtoka chote kichwani, na alikasirika kila siku. Matusi nikayajua kwanza, kisha vipimo vya kola na mabega, kisha sala, maana kila magharibi familia ilisali rozari kwa sauti chumba cha nyuma huku mimi nikipiga pasi.

Si kila Mgoa aliipenda lugha hiyo. Makarani wa reli na wa hazina, wenye klabu yao na gramafoni yao, walisema Kiingereza, na Kireno kidogo siku za sikukuu. Konkani waliwaachia wapishi na mafundi cherehani. Ukimsalimia mmoja wao kwa Konkani alijibu kwa Kiingereza upesi upesi, kama mtu aliyeguswa shati jeupe na mkono wenye masizi.

Hao wapishi na mafundi ndio walionifanya mkalimani wa Kigoa. Siku moja mpishi mmoja alishtakiwa na bibi Mzungu aliyempikia kwamba ameiba vijiko vya fedha. Mahakama ikamleta karani wa duka la Kihindi atafsiri, kwa kuwa walidhani Wahindi wote lugha yao moja. Karani akasema Kigujarati, mpishi akamtazama tu na kufuta jasho. Nikanyoosha mkono. Mpishi alifungwa vilevile, lakini alifungwa akiwa ameelewa alichofungiwa. Tangu hapo kila Mgoa asiye na Kiingereza aliyefikishwa Boma aliletwa kwangu.

Sasa nije kwa watu wenyewe. Fundi alifariki, duka likabaki kwa mwanawe. Mimi na mwana huyo tulilingana umri, tulikuwa tumejifunza kukata kitambaa kwenye meza moja, tukaitana ndugu. Mama yake nilimwita Mai, kama walivyomwita wao. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye gauni jeusi la ujane, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu: bei, hapana, punguza. Nikimwamkia "shikamoo Mai" aliitika "marahaba" kwa sauti ya amri. Siku walizopika nguruwe alinipikia mchuzi wangu kwenye sufuria ya pembeni ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Hata nilipohamia Boma nilipita pale kila adhuhuri, na sufuria yangu ilinisubiri.

Ugomvi wao ulianza pale mwanawe alipopata mwanamke wa mtaa wa Isevya. Alikuwa Mnyamwezi, binti wa wakulima Wakatoliki kutoka upande wa Usinge, akiuza maandazi karibu na stesheni. Mwanamke mtulivu, msafi, mwenye kusali kuliko mchumba wake. Dini haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba Mai alikwisha kuzungumza na wazazi wa msichana mmoja kijijini kwao Goa, na mwanawe akakataa. Mai akasema basi, kuanzia leo sina neno nawe.

Na hakuwa naye neno kweli. Mwana alilala Isevya, mchana alikuja dukani, saa sita akala kwa mama yake, na mama yake hakumsemesha. Alinisemesha mimi.

"Mwambie huyo wali uko tayari," aliniambia kwa Konkani, na huyo amekaa mbele yake.

"Mai anasema wali tayari," nikamwambia mwenzangu kwa Kiswahili.

"Mwambie nashukuru," akajibu kwa Konkani safi aliyofundishwa na mama huyo huyo. Mai akatazama ukuta, akingoja mpaka mimi nirudie. Ndipo akatikisa kichwa kwamba amesikia.

Mwanzoni tulicheka, mimi na ndugu yangu, tukiwa peke yetu. Baadaye hatukucheka tena. Miaka ilipita hivyo. Mahakamani nilitafsiri kwa watu wasioelewana, nikatoka hapo nikaenda kutafsiri kwa watu walioelewana kila neno, na kazi ya pili ndiyo iliyonichosha. Mtoto alizaliwa Isevya, wa kike. Habari hiyo pia mimi ndiye niliyeifikisha, na Mai alipoisikia alinyanyuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mwenzangu angeweza kufunga ndoa bila mama. Padri alikuwa tayari, mwanamke alikuwa tayari. Lakini kwao Wagoa bwana arusi hatoki nyumbani kwenda kanisani kabla hajapiga magoti mbele ya mzazi wake akawekewa mkono kichwani. Baraka hiyo wanaiita besanv. Kwake yeye, ndoa bila besanv isingekuwa ndoa, ingekuwa wizi. "Siku Mai atakaponibariki," alikuwa akiniambia huku akitia uzi sindanoni, "Jumamosi inayofuata nafunga." Mwanamke wa Isevya akangoja. Alingoja na mtoto mgongoni, akiuza maandazi yake.

Kisha Mai akaugua, masika ile ya mvua nyingi. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari wa hospitali ya Kitete alikuja nyumbani, akamsikiliza kifua, akatuambia moyo umechoka na kwamba apumzishwe kwake. Mai alimwelewa kabla sijafungua mdomo. Akasema anataka padri wake.

Padri wake alikuwa Mgoa aliyekuwa akija kutoka Dar es Salaam kila Pasaka kuwasikiliza wapishi na mafundi ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kutubia. Tulipeleka simu ya maandishi. Jibu likaja kwamba mvua imekata reli na hakuna treni. Aliyekuwepo Tabora ni padri Mzungu wa misheni, mzee mwenye ndevu, aliyejua Kiswahili na Kinyamwezi kuliko wengi wetu, lakini Konkani hata neno. Mke wa karani mkuu wa reli akasikia, akaja amevaa kofia, akajitolea kumtafsiria mgonjwa kwa Kiingereza. Mai akageukia ukuta. Mama yule alipotoka, Mai akaniambia, "Huyo nikimpa dhambi zangu leo, kesho watazichezea karata klabu."

Akavuta pumzi. "Utaingia wewe. Umebeba maneno yangu miaka yote na hujayatia chumvi."

Nilikasirika. Nisiseme uongo, nilikasirika sana. Mimi Mwislamu, mtoto wa mshona kanzu, naingizwaje kati ya mwanamke na Mungu wake? Nikamwendea padri nikitumaini atakataa. Alikuwa barazani, buti zimelowa, kofia mkononi.

"Kanisa linaruhusu," alisema. "Mgonjwa akitaka mwenyewe, anaweza kuungama kwa mkalimani. Halimlazimishi. Akijipiga kifua tu, nitamwondolea dhambi. Kamwambie hivyo."

Nikamwambia. Mai akasema tangu utoto wake amesema dhambi zake kwa mdomo, hatakufa akiashiria kama bubu.

Padri akaiweka kofia kando. "Basi sikiliza, mwanangu. Utakachokisikia humo utazikwa nacho. Usimwambie mkeo. Usimwambie hakimu wako. Usimwambie mtoto wake. Si neno baya tu, hata neno jema. Hasa neno jema, maana hilo ndilo litakalokuwasha ulimi."

Nikapeleka ujumbe nyumbani, mke wangu akauleta Msahafu umefungwa ndani ya kanga mvua isiuguse. Nikatawadha, nikaapa hapo barazani, padri akishuhudia na ndugu yangu amesimama hatua chache kutoka kwetu. Alisikia kiapo chote.

Kabla hatujaanza nikamwinamia mgonjwa. Kazi ya mahakamani imenifundisha kwamba lipo la kusemwa ndani ya kiapo na lipo la kusemwa nje yake. Nikamwambia, "Mai, mwanao yuko nje. Kama una neno lake nipe sasa nimpelekee, maana tukianza mdomo wangu utafungwa."

"Baadaye," alisema. "Kwanza Mungu. Padri akitoka, mwite aje."

Nilitoka nikamwambia ndugu yangu maneno hayo, kwa sababu hayo hayakuwa ya siri: atakuita, padri akitoka. Uso wake ulifunguka. Alikwenda kunawa, akavaa shati alilokuwa ameliacha kwenye chumba cha duka, akachana nywele kwa maji.

Ya ndani siyasemi. Nasema yaliyo ya nje tu. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo, nalo lilikuwa jambo la heri, kwani kuta zile hazikuwa nene. Mai alishika kidole gumba changu na hakukiachia. Alisema kwa pumzi fupi fupi, nami nikamwegemea padri sikioni na kunong'ona kwa Kiswahili, kwa desturi ya kazi yangu: mimi nimekosa, mimi nilifanya, mimi nilinyima. Nilikuwa nimekiri mauaji ya watu mbele ya hakimu pasipo kutetemeka, nikaenda kula. Siku hiyo mahali fulani sauti ilinikatika, na padri akangoja mpaka niliporudi. Hayo tu.

Akampa ondoleo. Akampaka mafuta ya wagonjwa machoni, masikioni, mikononi. Mai akafumba macho. Padri akasema amechoka, tumwache alale kidogo, akiamka ataongea na kijana wake. Ndugu yangu akaingia, akakaa kando ya kitanda na shati lake safi, mikono magotini, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa hakimu. Alikaa hivyo mpaka asubuhi. Mai hakuamka. Kabla ya adhuhuri pumzi ikakatika.

Nilikaa barazani nikimkasirikia maiti, Mungu anisamehe. Neno moja tu lingetosha, na nilimwomba, na alikuwa na pumzi. Wanawake waliokuja kulia walidhani nalia kama wao, wakanipa pole. Nililia kweli, lakini kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Makaburini, sanduku liliposhushwa, ndugu yangu alisogea ukingoni akasema kwa Konkani, "Mai, maka bhogos." Nisamehe. Kisha akageuka akanitazama mimi, akangoja. Sidhani alijua anafanya nini. Ni mazoea ya miaka. Alikuwa akingoja nimfikishie Mai maneno yake. Mimi nikatazama udongo mpaka wengine walipoanza kuutupa.

Baada ya misa ya siku ya saba alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa.

"Ndugu yangu," alisema, "alinitaja?"

"Ulinisikia nikiapa."

"Nilikusikia. Sikuulizi dhambi zake. Nakuuliza aliniachia besanv au hakuniachia."

"Sina la kusema."

"Tikisa kichwa basi. Kutikisa kichwa si kusema."

"Kwa mkalimani ni kusema," nilimjibu. Nilijisikia ninavyoongea kama karani mwenye mhuri, na nilijichukia, lakini sikujua namna nyingine ya kuongea.

Alikwenda kwa padri. Padri akamwambia mama yako alikufa vizuri. Akarudi kwangu amefura. "Hivyo ndivyo wanavyosema kwa kila maiti! Nisikilize. Kama angenibariki, ungeniambia. Kiapo au si kiapo, ungeniambia, kwa sababu hakuna mtu angekaa na neno zuri namna hiyo tumboni akimwona mwenzake anateseka. Umenyamaza kwa kunihurumia. Nimekwisha kuelewa."

Nikamwambia kunyamaza kwangu hakuna maana yoyote. Ningenyamaza hivi hivi kwa lolote.

"Wewe si jiwe," alisema.

Tangu hapo hakuniita ndugu. Niliendelea kupita dukani adhuhuri kwa wiki chache, tukasalimiana kama mteja na fundi, halafu nikaacha kupita. Ile sufuria yangu sijui iliishia wapi. Muda si mrefu akauza cherehani, akafunga duka, akapanda treni ya kwenda pwani. Alimwambia mwanamke wa Isevya kwamba anakwenda kutafuta kazi na atarudi kumchukua. Sisi tulisikia baadaye kwamba yuko Nairobi, anashona kwa Mgoa mwenzake, na kwamba akiulizwa kama ana watu Tabora husema hapana.

Padri naye akaitwa kwao likizo, akafia huko. Alipokuwa hai tulikuwa tukipishana njiani, yeye na baiskeli yake, mimi na mwavuli wangu wa Boma, tukasalimiana habari za mvua na za watoto, na kila mmoja akajua mwenzake amebeba nini. Ilikuwa nafuu kubwa kuliko nilivyodhani. Habari ya kifo chake ilipotufikia nilikwenda kusimama nje ya misheni kwa muda mrefu, na watu wakadhani nimekuwa Mkristo.

Halafu mwanamke wa Isevya akaja. Ilikuwa alasiri, mke wangu anapika chai. Aliingia kwa adabu zake, akatuamkia, akakataa kiti, akakaa mkekani na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa na macho ya Mai, yale makali, na hili si siri, kila aliyekuwa na macho aliliona.

"Shemeji," aliniambia, "sikuja kuuliza alichomwambia Mungu wake. Hayo ni yake. Wala sikuulizi habari za mwanamume, huyo amekwenda. Nakuuliza habari za huyu mtoto. Kesho atakuwa mkubwa, ataniuliza. Nimjibu nini? Huyu ana bibi, au hana?"

Mke wangu aliacha kumimina chai. Nilimtazama mtoto, nikatazama mlango. Maneno yalikuwepo, yote, kwa Konkani na kwa Kiswahili, mapya kama siku ile.

"Shemeji," nikasema, "karibu chai."

Alinitazama muda mrefu, bila hasira. Alikuwa amezoea kungoja, na sasa nilimwona anaacha kungoja, mbele yangu, mkekani pangu. "Basi," alisema polepole. "Nimeelewa." Akamfunga mtoto mgongoni, akamshukuru mke wangu kwa chai ambayo hakuinywa, akatoka.

"Si ungetikisa kichwa tu!" mke wangu alinifokea.

"Kwa upande gani?" nikamfokea mimi. Siku kadhaa hakunisemesha.

Bado yuko Isevya. Amezeeka, mtoto ameolewa, na tukikutana njiani hunisalimia kwa heshima. Alisema ameelewa. Kama alielewa sawasawa au alikosea, hilo pia siwezi kumwambia.